Grafiki za 3D kwenye seva isiyo na skrini: VirtualGL, DCV au Sunshine?

Umekodi seva yenye kadi ya NVIDIA, umeingia kwa SSH, na `nvidia-smi` inakuonyesha kadi ipo na kumbukumbu yake yote iko wazi. Unafungua programu ya 3D kama Blender au ParaView kupitia VNC (desktopu ya seva inayoonekana kwenye laptopu yako), na kila kitu kinajikokota: ukizungusha umbo kwa kipanya, picha inafuata baadaye sana. Ukiuliza wenzako, mmoja atasema weka VirtualGL, mwingine DCV, wa tatu Sunshine, zote programu za kuitumia kadi ya seva ukiwa mbali. Wote wana haki, maana kila mmoja anaongea kwa kazi yake.

Mimi naanza kwa swali lingine kabla ya kasi. Zikishasimama vizuri, njia hizi zote zina kasi ya kutosha kwa kazi nyingi. Zinatofautiana hasa siku zikigoma: ipo inayokupa kosa lililoandikwa wazi, na ipo inayokuachia skrini nyeusi usijue pa kushika. Kwa hiyo humu nitaangalia sana zinavyoharibika na namna ya kuzichunguza, kwa sababu njia usiyoweza kuitengeneza mwenyewe itakuangusha siku ya kazi.

Kwanza hakikisha kadi yenyewe inachora

Kujibu kwa `nvidia-smi` hakuthibitishi kwamba kadi inaweza kuchora. Amri hiyo inaonyesha tu kwamba draiva ya kukokotoa iko hai. Maktaba za OpenGL, ambazo programu huzitumia kuchora 3D, na za EGL, inayoiunganisha OpenGL na kadi, hukaa kwenye pakiti nyingine. Katika Ubuntu, pakiti ambazo majina yake huanza na `nvidia-headless` zinaleta sehemu ya kukokotoa bila maktaba za kuchora. CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kukokotoa) itafanya kazi vizuri kabisa, huku desktopu yako ikiendelea kuchorwa na CPU. Dawa yake ni kuongeza pakiti ya `libnvidia-gl` ya toleo lilelile la draiva uliyonayo.

Ndani ya kontena kuna mtego wa aina hiyohiyo. Mpangilio wa `NVIDIA_DRIVER_CAPABILITIES` usipotaja `graphics`, kontena linapewa ruhusa ya kukokotoa peke yake, na hakuna ujumbe wowote utakaokuambia kwamba ruhusa ya kuchora haikutolewa.

Kisha pima ukiwa ndani ya kikao chako cha mbali. Endesha `glxinfo -B` (ukitumia VirtualGL, tanguliza amri yake ya `vglrun`; kwa Debian na Ubuntu iko kwenye pakiti ya `mesa-utils`) na usome mstari wa "OpenGL renderer string". Ukiona neno `llvmpipe`, anayechora ni CPU. Ukiona jina la kadi, kadi inachora. Baada ya hapo fungua programu yako halisi, na katika terminali nyingine angalia orodha ya michakato chini ya `nvidia-smi`, safu ya Type. Herufi G au C+G maana yake programu hiyo inachora kwenye kadi. Ikiwa ni C tupu, kadi inakokotoa tu na picha inatengenezwa kwingine.

Na kama `nvidia-smi` yenyewe imeanza kulalamika "Driver/library version mismatch", usiguse kingine chochote. Draiva imesasishwa huku kerneli bado imeshika moduli ya zamani. Washa seva upya, halafu ndiyo uendelee.

Wengi huanza na `ssh -X`, kwa hiyo niseme kwa nini sikuiweka kwenye ulinganisho. Njia hiyo inatuma amri za kuchora zije zichorwe kwenye laptopu yako, kwa hiyo kadi ya seva haiguswi kabisa. Isitoshe, tangu toleo la 1.17 la mwaka 2015 la X.Org Server, yaani seva ya X inayoendesha skrini na madirisha ya Linux, uchoraji huo wa OpenGL kupitia mtandao umefungwa kwa chaguo-msingi, na hata ukiufungua unapata OpenGL ya kizamani. Inafaa kwa kidirisha kidogo cha mipangilio, haifai kwa 3D.

Vigezo

Nitaipima kila njia kwa mambo manne: inahitaji nini kwenye seva, inavumiliaje umbali na intaneti dhaifu, inabeba watumiaji wangapi na kwa usalama gani, na inaharibika vipi.

Umbali unahitaji maelezo zaidi kwa sisi wa Afrika Mashariki tunaokodi seva Ulaya. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya fiber hukimbia takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 60 na ushee, nayo kebo ya baharini haipiti njia iliyonyooka. Hakuna programu itakayokufutia muda huo. Njia nzuri ni ile inayotuma picha iliyokwisha kuchorwa bila kuuliza na kujibiwa mara nyingi kwa kila fremu. Njia zote nne zilizomo humu hufanya hivyo, ila kila moja huibana picha kwa namna yake.

VirtualGL juu ya seva ya X halisi (GLX)

*Mahitaji.* VirtualGL hujipenyeza kati ya programu na maktaba ya OpenGL. Unatanguliza `vglrun` mbele ya amri yako, michoro ya 3D inaelekezwa kwenye kadi, kisha pikseli zilizokamilika zinasomwa na kupelekwa kwenye desktopu ya VNC, mara nyingi TurboVNC. Kwa mtindo huu wa zamani, unaotumia GLX (kiungo cha OpenGL na seva ya X), lazima kuwe na seva ya X inayoendeshwa na kadi, kwa kawaida yenye jina `:0`, hata kama hakuna skrini iliyochomekwa. VirtualGL na TurboVNC zote mbili ni programu huria.

*Umbali.* TurboVNC hubana kila fremu kama JPEG, na wewe ndiye unayepanga ubora. Kwa intaneti ndogo shusha ubora unapozungusha umbo, halafu omba picha kamili isiyopotezwa kitu ukishatulia kulisoma. Kwa picha inayotembea muda wote hula data kuliko video ya H.264.

*Watumiaji.* Wengi wanaweza kugawana kadi moja, kila mtu na desktopu yake. Ila wote wanaigusa `:0` ileile, ndiyo maana `vglserver_config` inakuuliza kama uwape ruhusa walio kwenye kundi la `vglusers` tu, na kama uzime XTEST ili mmoja asiweze kuingiza vibonye kwenye seva hiyo ya X. Kwenye seva ya watu wengi, kubali yote mawili.

*Inavyoharibika.* Hapa ndipo penye kazi. Kosa la kawaida ni seva ya X kukataa kuwaka kwa kukosa skrini. `nvidia-xconfig` ikipewa `--allow-empty-initial-configuration` humaliza hilo. Linalofuata ni anwani ya kadi. `lspci` huiandika kwa namba za hexadesimali, lakini faili ya `xorg.conf` inaitaka kwa desimali. Kadi iliyoandikwa `af:00.0` inakuwa `PCI:175:0:0`. Ukinakili `af` kama ilivyo, X haitaipata kadi, na faili ya `/var/log/Xorg.0.log` itakuandikia mistari ya (EE) ikimalizia na "no screens found".

Lipo kosa lililojificha zaidi. Seva nyingi za rafu zina chipu ndogo ya VGA kwenye ubao, mara nyingi ASPEED, kwa ajili ya usimamizi wa mbali. Seva ya X inaweza kuishika hiyo na kuiacha NVIDIA. Hapo X inawaka, VNC inafunguka, kila kitu kinaonekana salama, kumbe `glxinfo` ya `:0` inasoma `llvmpipe`. Dawa ni BusID sahihi, yaani ile anwani ya kadi kwenye `xorg.conf`. Na kama GDM, programu ya skrini ya kuingilia, imeanzisha Wayland (mrithi wa X), izime kwa `WaylandEnable=false`, kwa sababu mtindo huu unataka X halisi.

Uzuri wake ni kwamba kila hatua inapimika peke yake. `xdpyinfo -display :0` inakuambia kama unaifikia seva ya X. `glxinfo -display :0` inakuambia nani anachora humo. `glxspheres64` chini ya `vglrun` inakupa jina la kadi na idadi ya fremu kwa sekunde. Ukiifuata hivyo, kosa halina pa kujificha.

*Inamfaa* mwenye programu za zamani za uhandisi zinazoitegemea GLX kwa kina, na mwenye mamlaka ya root kwenye seva yake.

VirtualGL kupitia EGL

*Mahitaji.* Toleo la 3.0 la mwaka 2021 lilileta njia ya kuchora bila seva ya X kwenye kadi. Unaandika `vglrun -d egl` mbele ya programu, na VirtualGL inaifungua kadi moja kwa moja kupitia `/dev/dri`. Hakuna `xorg.conf`, hakuna BusID, hakuna GDM. Kwa seva mpya ningeanzia hapa kabla ya kuijaribu ile ya juu.

*Umbali.* Hakuna tofauti na iliyotangulia, kwa sababu msafirishaji bado ni TurboVNC.

*Watumiaji.* Wengi, tena kwa usalama zaidi, kwa kuwa hakuna seva ya X ya kuchangia. Unachogawa ni ruhusa ya faili za kifaa tu.

*Inavyoharibika.* Ruhusa ndizo zinazosumbua mara nyingi. Fanya `ls -l /dev/dri` uone kundi linalomiliki faili, kisha `id` uone kama umo. Umeongezwa kwenye kundi leo asubuhi na bado inakataa? Kikao chako cha VNC kilianzishwa kabla ya hapo na kimerithi makundi ya zamani. Kuifunga na kuifungua tena programu ya kutazamia hakusaidii. Kiue kikao chenyewe kwa `vncserver -kill`, toka SSH, ingia upya, kianzishe tena.

La pili ni kifaa kisicho chenyewe. Ile chipu ya ASPEED huweza kuwa `card0`, na NVIDIA ikawa `card1`. Amri ya `/opt/VirtualGL/bin/eglinfo -e` inaorodhesha vifaa vinavyokubalika. Chagua kwa jina, usikisie. La tatu ni nadra: programu chache za zamani zinazotumia vipengele vya pembeni vya GLX hazikubaliani na EGL, na kwa hizo unarudi kwenye mtindo wa kwanza.

*Inamfaa* mwenye seva ya wingu au ya chuo, anayeendesha kontena, au asiyeruhusiwa kuwasha X kwenye mashine.

Amazon DCV

*Mahitaji.* DCV ilitengenezwa na NICE, kampuni ya Italia iliyonunuliwa na Amazon mwaka 2016. Kwenye mashine za EC2 hulipii leseni. Nje ya hapo unanunua. Ina vikao vya aina mbili. Cha konsoli kinaionyesha desktopu halisi ya mashine. Cha kidhahania (virtual), kinachopatikana kwa Linux pekee, kinampa kila mtu desktopu yake, na ili hivyo vitumie kadi kwa OpenGL unasakinisha pia pakiti ya DCV-GL. Watu huisahau hiyo, halafu wanashangaa `llvmpipe` imetoka wapi.

*Umbali.* Hapa DCV ina nguvu. Inabadilisha ubora wa picha kadiri mtandao unavyopanda na kushuka, inaweza kubana kwa kutumia kadi yenyewe, na inaweza kusafiri kwa itifaki ya QUIC juu ya UDP, jambo linalosaidia intaneti inayodondosha pakiti. Mtumiaji anaweza kuingia hata kwa kivinjari, bila kusakinisha kitu.

*Watumiaji.* Imepangwa kwa timu tangu mwanzo: ruhusa kwa kila kikao, poti moja ya 8443, usimbaji wa TLS ukiwemo tayari. Cheti cha mwanzo kimejisaini chenyewe, hivyo kivinjari kitaonya mpaka uweke cha kweli.

*Inavyoharibika.* Anza na `dcv list-sessions`. Orodha ikiwa tupu, seva yako ni nzima ila hakuna aliyeunda kikao cha kuunganishwa nacho. Kisha endesha `dcvgldiag`, inayokagua draiva na mipangilio ya OpenGL na kukupa ripoti inayosomeka. Sijaona chombo bora kuliko hicho kwa mtu asiyetaka kufukua kumbukumbu (logi) za X. Mengine yako `/var/log/dcv/server.log`.

Kuna hitilafu moja isiyohusiana na grafiki hata kidogo. Kwenye EC2, DCV hukagua leseni kwa kufikia S3. Mashine iliyofungiwa kwenye mtandao wa ndani bila njia ya kwenda S3 inashindwa kuthibitisha leseni, na wewe unahangaika na draiva bure. Angalia pia kwamba DCV si programu huria: ukifika mwisho wa kumbukumbu zake, huna msimbo wa kusoma ukajitafutia.

*Inamfaa* timu iliyoko AWS tayari, au ofisi yenye bajeti ya leseni na watumiaji wasiopenda terminali.

Sunshine na Moonlight

*Mahitaji.* Sunshine ni programu huria iliyotokana na ulimwengu wa michezo ya kompyuta. Inachukua desktopu nzima ya seva, inaibana kuwa video ya H.264, HEVC au AV1, na Moonlight inaipokea kwenye laptopu, simu au runinga. Sharti lake kubwa ni kwamba lazima desktopu iwepo. Kwenye mashine isiyo na skrini unachomeka plagi bandia ya HDMI, au unaidanganya draiva kwa faili ya EDID (maelezo ya skrini).

Hapo ndipo kadi za vituo vya data zinapokwama. Kadi kama A100 haina tundu la skrini, na haina saketi ya NVENC ya kubana video pia. Sunshine ikiwekwa humo itaangukia kubana kwa CPU. T4 nayo haina tundu, lakini NVENC inayo. Soma sifa za kadi kabla ya kulipia seva.

*Umbali.* Kwa mwendo laini hakuna inayoishinda kwenye mtandao wa karibu. Ila kwa kawaida video inapunguza taarifa za rangi, kwa hiyo maandishi madogo ya rangi na mistari myembamba ya ramani hufifia kidogo. Kwa mtazamaji wa uhuishaji si neno. Kwa mchora ramani ni tatizo.

*Watumiaji.* Desktopu moja, mtu mmoja anayefanya kazi. Inasafiri kwa UDP, na `ssh -L` haipitishi UDP, kwa hiyo ifiche nyuma ya WireGuard au VPN nyingine. Usiiweke wazi kwa dunia nzima ukategemea ile PIN ya kuunganishia vifaa.

*Inavyoharibika.* Skrini nyeusi ndiyo dalili ya kawaida, na ndiyo inayosema kidogo kuliko zote. Ukiwa kwenye Linux na unatumia unasaji wa KMS (picha ya skrini huchukuliwa kutoka kwenye kerneli), hakikisha faili ya programu imepewa `cap_sys_admin` kwa `setcap`. Kila sasisho linaweza kuifuta ruhusa hiyo. Picha ikija lakini kipanya na kibodi havifanyi kitu, tazama ruhusa za `/dev/uinput`. Ukurasa wa mipangilio uko poti 47990, nao unaonyesha kumbukumbu zinazokuambia ni kibanaji gani kimechaguliwa. Neno `software` likitokea hapo, CPU ndiyo imebebeshwa mzigo.

*Inamfaa* mtu mmoja mwenye kompyuta yake ya nguvu nyumbani au ofisini, yenye kadi ya kawaida ya michezo au ya kitaalamu.

Uchague kwa hali yako

Kama ni seva ya chuo au maabara ambayo wanafunzi kadhaa wanaigawana, anza na VirtualGL ya EGL na TurboVNC, na upitishe VNC ndani ya handaki la SSH. Poti moja, hakuna leseni, na hitilafu nyingi ni za ruhusa, ambazo msimamizi wa Linux anazifahamu tayari. Programu moja ikigoma kwenye EGL, mtengenezee mtumiaji wake peke yake njia ya GLX; hakuna ulazima wa kuwahamisha wote.

Kama kazi yenu iko AWS na wanaoitumia ni wasanifu majengo au wahandisi, DCV itawapunguzia simu za kuomba msaada. Ila hakikisha mtu mmoja kwenye timu anaijua `dcvgldiag`, na kwamba njia ya S3 iko wazi.

Kama uko peke yako na unataka mwendo laini wa uhuishaji au mchezo, na mashine iko mjini kwenu au kwenye fiber ileile, chukua Sunshine na ununue plagi ya HDMI. Mashine hiyo ikiwa Ulaya na wewe Mwanza, jaribu kwanza kwa siku kadhaa kabla ya kuizoea, maana kuchelewa kwa kipanya utakuhisi mkononi hata video ikiwa laini.

Kama intaneti yako ni ya bando la simu, usianze kwa kuchagua programu. Shusha ukubwa wa desktopu kutoka 1920×1080 hadi 1280×720 kwanza. Pikseli zinapungua kwa zaidi ya nusu kwa njia yoyote utakayokuwa umeichukua, na mara nyingi hilo peke yake linatosha.

Na kama unachofungua ni ParaView tu, pengine huhitaji desktopu ya mbali hata moja. Endesha `pvserver` iliyojengwa kwa EGL kwenye seva, fungua handaki kwa `ssh -L 11111:localhost:11111`, kisha unganisha ParaView ya laptopu yako na `localhost`. Data nzito inabaki kwenye seva, kadi inachora hukohuko, na picha pekee ndizo zinazosafiri. Matoleo ya ParaView pande zote mbili yawe sawa, vinginevyo muunganisho unakataliwa mwanzoni kabisa.